Koti la Nje Ndani

Habari hii ni ya kweli tupu, toka kichwani hadi ukuchani. Naapa kwa goti langu la kulia. La kushoto liliharibika enzi zile nikiendesha lori la maziwa, halifai tena kuapiwa. Mkinikuta na uongo humu, hata wa kijiko kimoja, nitakwenda kinamasini peke yangu nikazipange kuni za udongo za dada yangu Nonie, zile tunazokata kinamasini na kuzikausha, zote, bila msaidizi, na mgongo huu huu. Watu wa Gortnamona husema Packie Mulroy hutia chumvi. Sawa. Lakini hii nawapakulia chukuchuku.

Dervla Quilty alishuka kwenye basi mwezi wa Mei na mkoba uliomzidi kimo, koti refu la mvua rangi ya majivu, na buti mpya ambazo hazijawahi kukutana na tope. Alikuwa mwanafunzi kutoka Dublin, anasomea mimea ya kinamasi, na chuo kilikuwa kimemtuma aje aishi nayo mpaka kiangazi kiishe. Alipanga chumba kwa Nonie, ambaye ni mjane, anakaa na mwanawe Colm chini ya mlima. Mimi nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara. Nisichokiona nakisikia, na nisichokisikia naletewa.

Msichana alikuwa hodari wa vitabu lakini mwoga wa kila kitu kingine. Kwanza aliogopa ukimya. Aliniambia mwenyewe kwamba asubuhi ya kwanza ukimya ulimwamsha kama mtu aliyemgusa bega. Aliogopa jogoo. Aliogopa mlima, jinsi unavyokuja karibu mvua ikitaka kunyesha, kisha ukarudi nyuma. Na kabla ya chakula cha mchana alikuwa juu ya ukuta wa mawe wa Shamba Refu, amejikunyata kama paka, na chini yake maksai wa Colm wamesimama nusu duara wakimtazama.

Walikuwa wamemfuata. Maksai wachanga ni wambea kuliko majirani: ukitembea wanatembea, ukisimama wanasimama, wanakupumulia mgongoni. Yeye akakimbia. Nao, kwa furaha, wakakimbia.

Colm alikuwa anatengeneza lango pale kando. Alikuja taratibu, nyundo mkononi, kofia nyuma ya kichwa.

"Habari ya huko juu?"

"Wanataka nini hawa?" Dervla aliuliza.

"Wanataka kukujua."

"Waambie nimechumbiwa."

Colm aliwatazama maksai, kisha akamtazama yeye. "Umechumbiwa?"

"Kwani wewe ni ng'ombe?"

"Hapana."

"Basi swali hilo halikuhusu."

Colm alicheka, na kwa kuwa si mtu wa kucheka ovyo, maksai walirudi nyuma kwa mshangao. Akanyoosha mkono. "Shuka. Hawana meno ya juu."

"Ya chini yanatosha."

Hata hivyo akaupokea mkono ule. Ulikuwa mgumu, wenye kutu ya misumari, na wa moto. Akashuka. Miguu ilikuwa inamtetemeka, akajiambia ni kwa sababu ya ng'ombe. Lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha kuondoka, na mkono ulikuwa bado haujaachiwa, na hakuna kati yao aliyeonekana kuwa na haraka ya kulikumbuka hilo.

Jioni hiyo nilikula kwa Nonie, viazi na kabichi na nyama ya chumvi. Nikampa mgeni mawaidha.

"Binti, Shamba Refu si shamba la mchezo. Kuna bonge la nyasi mle ndani. Hakuna ajuaye liko wapi. Ukilikanyaga, lango linapotea. Utazunguka ukuta mzima na hutaliona, hata kama umezaliwa pale."

"Mjomba," Colm akasema, "mwache ale."

"Na dawa yake ni nini?" Dervla akauliza. Alikuwa anatabasamu, lakini uma ulikuwa umesimama njiani.

"Unavua koti, unalivaa nje ndani. Wale wenye shamba hawakutambui tena, wanakuachia."

"Wenye shamba si ni nyie?"

"Wale wasioonekana," nikasema. Nonie alijipiga ishara ya msalaba, haraka haraka, kama anayefukuza nzi.

"Wewe ulishawahi kupotea mle, Mzee Packie?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi ningelipita shamba lile nimefumba macho na gunia kichwani."

Nonie hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anamtazama mwanawe, na mwanawe alikuwa anamtazama mgeni, na mgeni alikuwa anatazama sahani kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Colm," akasema dada yangu, "mkate haupakwi siagi kwa macho."

Nilipotoka alinifuata hadi mlangoni. "Kaka, umeona?"

"Nimeona vijana wawili wanakula viazi."

"Mmoja wangu yuko Australia. Ananipigia simu siku ya Krismasi kuniambia jua linawaka. Huyu msichana ana chuo, ana mji, ana meno mazuri. Kiangazi kikiisha ataondoka, na hataondoka peke yake. Nitabaki nazungumza na birika."

"Mimi nipo."

"Ndiyo maana nasema birika."

Siku zilizofuata Dervla alijitahidi kuizoea nchi. Colm alimpeleka kinamasini akamwonyesha njia za kukanyaga, naye akamwonyesha Colm kigugu kidogo chenye matone ya gundi kinachokula wadudu, kitu ambacho Colm alikuwa amekikanyaga maisha yake yote bila kukisalimu. Walikuwa wanapiga magoti kukitazama, vichwa vikikaribiana, mpaka upepo ukachukua nywele za mmoja ukazitia mdomoni mwa mwenzake. Hakuna aliyesema samahani.

Basi asubuhi moja, kwa furaha tu, msichana akafanya jambo ambalo mtu wa kwetu asingelifanya hata kwa kulipwa. Mti wa miiba ulio peke yake katikati ya Shamba Refu ulikuwa umechanua, mweupe pepepe, na harufu yake imejaa hewani. Dervla akavunja matawi, akayabeba kifuani kama mtoto, akayatia kwenye jagi la maziwa, akaliweka katikati ya meza ya jikoni. Zawadi kwa mwenye nyumba.

Nonie aliingia kutoka kuokota mayai. Bakuli lilimtoka mikononi.

"Toa," akasema.

"Bi Nonie, ni maua tu ya—"

"Toa. Usiyapitishe dirishani. Mlango ulioingilia."

Dervla aliyatoa, petali zikimwagika sakafuni. Aliporudi, Nonie alikuwa amepiga magoti akiziokota moja moja kwa ncha za vidole, kana kwamba zina moto.

"Maua hayo hayaingii ndani," Nonie akasema bila kuinua uso. "Mwaka aliokufa baba yake Colm, kulikuwa na mgeni aliyaweka pale, kwenye dirisha. Mattie wangu alikunywa chai, akasema anakwenda mlimani mara moja. Tulimrudisha juu ya mlango uliong'olewa, watu wanne wamembeba."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana sikupigi." Akasimama, mkono umeshika kiuno. "Ila kesho kuna basi la asubuhi. Utanisamehe, binti. Siwezi kulala nyumba moja na wewe zaidi ya usiku wa leo."

Dervla alitaka kusema kwamba haya ni maua, kwamba yana jina lake kwa Kilatini, kwamba harufu yake inatokana na kitu kinachoelezeka. Badala yake akauliza, "Colm yuko wapi?"

Nonie alimpa mgongo. Alikuwa anatazama dirishani.

"Amekwenda mlimani," akasema. "Mtamba amevunja ua. Amesema anakwenda mara moja."

Na nje, mlima haukuwapo tena. Ukungu ulikuwa umeshuka kimya kimya, umekwisha kula nusu ya shamba, na sasa ulikuwa unalamba ukuta wa bustani.

Walikaa. Mkate wa magadi ulipoa mezani bila kukatwa. Nonie alitoa rozari, midomo ikawa inaenda bila sauti. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika kuliko kawaida. Dervla aliona mikono yake mwenyewe ina harufu ya yale maua. Akaiosha, akainusa, akaiosha tena kwa sabuni ya vyombo. Harufu haikutoka. Alijua kwamba maua hayaui mtu. Alijua hivyo kwa kichwa, lakini tumbo lake lilikuwa halijasoma chuo chochote.

"Atarudi," akasema.

"Usiniambie mimi," Nonie akasema. "Mara ile pia niliambiwa."

Hapo Dervla akasimama, akachukua koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtafuta."

"Wewe? Unayemkimbia jogoo?"

"Ndiyo," Dervla akasema, akifunga vifungo. "Mimi huyo huyo."

Njia ya mlimani hupita Shamba Refu. Alifunga lango nyuma yake, akatembea hatua chache, akageuka kulitazama, halikuwapo. Ukungu mtupu. Akasema moyoni, nitafuata ukuta, ukuta hauna ujanja. Akaugusa kwa mkono, akaufuata. Akapita beseni la kuogea, lile kuukuu la chuma ambalo Colm huwanyweshea ng'ombe. Akaendelea. Mawe, majani laini ya moss, mawe. Akalikuta beseni tena. Maji yake yalikuwa yametulia, na hakuna uso ulioonekana mle isipokuwa weupe.

Akaita, "Colm." Sauti yake ilianguka miguuni pake kama jiwe.

Akakimbia. Akajikwaa, akainuka, akakimbia upande mwingine, na mkono wake ukagonga chuma baridi. Beseni.

Kisha akasikia pumzi. Si yake. Nzito, ya joto, upande wa kushoto. Halafu na ya kulia. Halafu nyuma. Walikuwa wamemzunguka, hawaonekani, wanapumua tu. Aliniambia kwamba hapo alisahau jina lake. Alikumbuka kitu kimoja, maneno ya kijinga ya mzee mmoja juu ya sahani ya viazi. Maprofesa wake wote walikuwa wanamcheka kichwani, lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kufungua vifungo. Akalivua koti, akaligeuza, akalivaa nje ndani. Bitana yake ilikuwa rangi ya chungwa, kali kama taa ya gari.

Mbali sana, juu, sauti ikaita, "Suuk, suuk, suuk." Ndivyo Colm anavyowaita ng'ombe wake.

Pumzi zote zikakatika kwa pamoja. Kisha zile kwato zikaanza kusogea, polepole, upande mmoja. Maksai walikuwa wanaifuata sauti ya bwana wao, na wao njia ya lango hawaihitaji kuiona.

Dervla alielewa anachotakiwa kufanya, na alikichukia. Alinyoosha mkono kwenye weupe ule mpaka ukagusa manyoya, yenye unyevu, yenye joto, na chini yake mfupa unaotembea. Hakuuondoa mkono. Alitembea hivyo, ameshikilia mgongo wa kile alichokiogopa, analia bila kujijua, hadi lango la juu likatokea mbele ya pua yake.

Kinamasini ilikuwa mbaya zaidi. Huko kuna mashimo mtu mzima anaingia na kofia yake ikaelea. Lakini mimea aliijua. Akapiga magoti, akawa anatambaa, anapapasa. Kichaka kigumu chenye matawi ya miti midogo: panashika. Moss ya kijani inayong'aa, laini kama godoro: usiguse. Alikuwa anasoma ardhi kwa vidole.

"Nani huyo?" sauti ikasema, karibu, nyonge. "Naona kitu cha rangi ya chungwa."

"Ni mimi."

"Mungu wangu. Dervla, usisogee. Kaa hapo hapo."

"Kaa wewe. Huna pa kwenda."

Alikuwa amezama hadi mapajani, mikono juu ya nyasi, uso umekuwa wa bluu. Mtamba aliyesababisha yote alikuwa amekwisha kutoka zamani, amesimama mahali pakavu na kamba shingoni, anacheua.

"Alinikanyaga begani akatoka," Colm akasema. "Hata hakugeuka."

"Una baridi?"

"Siisikii miguu. Dervla, ungerudi nyumbani ukawaita watu."

"Nimekupata kwa koti lililogeuzwa na makalio ya maksai. Nikirudi sitakupata tena." Kisha akasema, "Nilileta maua ndani, Colm. Ya ule mti. Nilidhani nimekuua."

"Mama amesema nini?"

"Basi la asubuhi."

"Utakwenda?"

"Niambie nisiende."

"Usiende," akasema. "Nakuomba, na siombi kwa sababu ya hili shimo."

Ilibidi Dervla amfikie mtamba. Alitembea kuelekea kwenye pembe zile akinong'ona, "Huna meno ya juu, huna meno ya juu." Akaishika kamba. Akavua koti, akafunga mkono mmoja wa koti kwenye kamba kwa fundo la kufa, na mkono mwingine akamrushia Colm.

Na hapo ndipo mimi nilipotokea kwenye ukungu. Nilikuwa nimekatiza Shamba Refu moja kwa moja, kama mshale, bila kutazama kulia wala kushoto. Nikaishika ile kamba kwa mkono mmoja, nikampiga mtamba kofi la matako, tukavuta, mnyama na mimi, na Colm akatoka kinamasini kama kizibo kwenye chupa. Mkono mmoja wa koti ukabaki umechanika. Vijana walikuwa wamekumbatiana kwenye tope, mimi nikageuza uso kwa heshima.

Nonie alikuwa langoni mwa bustani, shali kichwani. Aliwaona wakija kutoka kwenye weupe, wameshikana, mtamba nyuma yao. Hakukimbia. Alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akautikisa kidogo kama anayepima tikiti. Kisha akamgeukia msichana. Akaliona lile koti, nje ndani, mkono mmoja unaning'inia.

"Vua hilo koti," akasema.

Dervla akavua.

Nonie alilikunja begani mwake. "Mkono umeng'oka wote. Kuna kazi hapa." Akaanza kwenda ndani. "Halitakuwa tayari kwa basi la asubuhi."

Basi, hiyo ndiyo habari, na niliisimulia hivyo hivyo Jumapili baada ya misa, jikoni kwa Nonie, hao wote wapo, chai mkononi. Nilipofika kwenye kamba na kofi la matako, niliona Colm anatazama dari.

"Mjomba," Dervla akasema kwa upole, "ule mkono mmoja ulioshika kamba ulikuwa upi?"

"Wa kulia."

"Nauliza kwa sababu tulipokuwa tunateremka tulimkuta mzee fulani kwenye Shamba Refu. Alikuwa ameshikilia beseni kwa mikono yote miwili."

Nonie aliweka birika chini. "Mzee gani?"

"Hatukumtambua mara moja," Colm akasema. "Koti lake lilikuwa nje ndani. Na suruali."

"Suruali?" Nonie akauliza.

"Ukungu ulikuwa mzito sana, nikaona koti pekee halitoshi," nikasema, na hapo hapo nikajua nimekwisha.

"Alikuwa anasema sala ya kubariki chakula," Dervla akaongeza. "Nadhani ndiyo aliyoikumbuka. Nilimshika mkono nikamtoa."

Nonie alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tuko watoto. Alijishika kwenye meza, machozi yakamtoka, akacheka mpaka nikaanza kuona kwamba nilifanya vizuri kupotea. Kisha akajifuta macho, akafungua kabati, akanipa glavu za marehemu Mattie.

"Zote, kaka," akasema. "Bila msaidizi. Uliapa kwa goti."

Kwa hiyo ndipo nilipo tangu Jumatatu. Vipande vya udongo vimetandazwa kinamasini hadi jicho linapochoka, nami navisimamisha vichache vichache, vimeegemeana kama walevi, upepo upite kati vikauke. Nonie hupita kila siku kukagua. Anachomoa kimoja chini kwa ncha ya kiatu, fungu linaanguka, anasema, "Hilo uanze upya," anaondoka akiimba.

Jana aliwatuma vijana waniletee chai. Kutoka nyumbani hadi hapa ni mwendo wa kuvuta sigara moja, kupitia Shamba Refu. Niliwaona wakiingia lango la chini, Dervla mbele na maksai wote wakimfuata nyuma kama wanafunzi wa shule, wala hakugeuka kuwatazama. Kisha sikuwaona. Nilipanga fungu, nikapanga jingine, nikakaa, nikasimama.

Chai ilinifikia ya baridi kama maji ya beseni.

"Mlikuwa wapi?" nikauliza.

"Tulipotea, mjomba," Dervla akasema, macho makavu kabisa.

Jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na ukungu wala wingu. Mtu angehesabu kondoo wa parokia ya tatu. Nikamtazama yeye: koti lake limeshonwa, limevaliwa sawasawa, vifungo vyote mahali pake. Nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa anatazama mlima kwa makini sana, masikio mekundu, na sweta lake lilikuwa nje ndani.

Nikainywa chai yangu ya baridi, nikainama, nikaendelea na kuni.